Ratiba, Kikao na Chai ya Saa Nne: Yanayomshikilia Mwalimu Kazini

Ustahimilivu wa mwalimu ni uwezo wake wa kuendelea kufundisha vizuri pale kazi inapokuwa nzito: darasa linapofurika, mtaala unapobadilika, mzazi anapokuja juu, au nyumba ya kupanga inapovuja masika nzima. Kubaki kwenye orodha ya mishahara peke yake hakutoshi kuitwa hivyo, kwani wapo wanaobaki miaka ishirini huku moyo wao ulishaondoka zamani. Kwa muda mrefu uwezo huu ulihesabiwa kuwa tabia ya mtu. Aliyedumu alisifiwa kwa wito, na aliyechoka aliambiwa avumilie. Tafiti za nusu karne iliyopita zimeupeleka mjadala huu kwingine, kwenye ratiba ya shule, mgawanyo wa majukumu na yale yanayotendeka katika ofisi ya walimu.

Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, alieleza jinsi watu wa kazi za kuhudumia wengine wanavyoishiwa nguvu taratibu, tena mara nyingi wale walioanza na ari kubwa. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo cha hali hiyo chenye sehemu tatu: kuishiwa nguvu, kuwatazama kwa ubaridi watu unaowahudumia, na kujiona hakuna unalofanikisha. Mwalimu anayewaita wanafunzi wake wote "hawa wa siku hizi" na kuingia darasani akiwa ameshakata tamaa anaonyesha dalili ya pili na ya tatu kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, halikuiita hali hiyo ugonjwa. Liliieleza kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Maelezo hayo yanahamisha swali kutoka kwa mtu na kulipeleka kwenye kazi ilivyopangwa.

Nadharia inayotumika zaidi kujibu swali hilo ilichapishwa mwaka 2001 na Evangelia Demerouti na wenzake. Wanasema kila kazi ina madai na ina nyenzo. Madai ni kila kinachokula nguvu za mtu: idadi ya watoto, makaratasi, kelele, maagizo yanayopingana. Nyenzo ni kila kinachomrudishia nguvu au kumpunguzia mzigo: muda wa kujiandaa, vitabu, kauli katika maamuzi, mwenzake wa kumuuliza. Madai yakipanda na nyenzo zikabaki zilivyo, mtu huchoka hata awe shupavu namna gani. Nyenzo nyingi katika orodha hiyo haziletwi na wizara wala mfadhili. Hupangwa shuleni.

Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Christopher Day, Qing Gu na wenzao waliwafuatilia walimu 300 wa shule 100 kwa miaka kadhaa. Karibu robo tatu ya walimu hao waliendelea kuwa na ari; ya waliobaki ilikuwa ikishuka. Hali ilikuwa ngumu zaidi katika shule za maeneo maskini na kwa walimu waliokaribia mwisho wa utumishi. Waliodumu na ari walitaja mara kwa mara msaada wa viongozi wa shule na wa wenzao kazini. Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba ari ya mwalimu yuleyule hupanda na kushuka. Mwaka wa kufiwa, mwaka wa mtaala mpya au mwaka wa kubadilishiwa mkuu wa shule unaweza kumyumbisha hata mwalimu hodari, na mazingira mazuri yakamwinua tena.

Nchini Tanzania madai ya kazi hii yalipanda kwa kasi kuanzia mwaka 2016. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za umma hadi kidato cha nne, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikaongezeka kutoka milioni 8.3 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 10 mwaka 2018. Ilikuwa hatua kubwa kwa watoto. Kwa walimu, kiwango kinachotakiwa cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 kilizidi kuwa mbali, na darasa la watoto mia na zaidi likawa jambo la kawaida katika shule nyingi. Darasa la watoto 110, mwalimu akitumia dakika mbili tu kwa kila daftari, linahitaji dakika 220 za kusahihisha zoezi moja la somo moja. Hiyo ni kazi ya zaidi ya saa tatu na nusu baada ya vipindi vya siku nzima kumalizika. Hapo hakuna hamasa itakayosaidia. Kinachosaidia ni kuamua mapema ni mazoezi yapi yatasahihishwa na mwalimu daftari kwa daftari, yapi wanafunzi watasahihishana kwa majibu yaliyoandikwa ubaoni, na yapi mwalimu atayapitia kwa kuchagua madaftari machache ya kila safu. Mwalimu mmoja akiamua hivyo peke yake, anaweza kuitwa mvivu na mkaguzi au na mzazi. Uamuzi huohuo ukipitishwa na shule nzima na kuandikwa, unakuwa utaratibu, na hakuna anayejificha.

Mipango ya shule inayogusa ustahimilivu huanza Januari, katika kikao cha kugawana masomo. Mgawo mbaya unajulikana: walimu wa siku nyingi huchukua madarasa yenye wanafunzi wachache na masomo waliyoyazoea, na mgeni aliyeripoti wiki iliyopita hukabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto 150 ambao hawajui kushika penseli. Kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu ni kazi ya ufundi kuliko zote katika shule ya msingi, na kumpa asiye na uzoefu ni kumchosha yeye na kuwachelewesha watoto. Shule zinazojua hili huweka darasa la kwanza mikononi mwa mwalimu aliyebobea, kisha humpa mgeni nafasi ya kusaidiana naye kwa muhula mmoja au miwili kabla ya kumwachia mkondo wake mwenyewe.

Ratiba nayo ina mambo yake. Kipindi cha dakika 40 ni kifupi kwa anayeandaa vifaa na kirefu kwa aliyesimama tangu asubuhi. Vipindi sita mfululizo Jumatatu na viwili tu Alhamisi vinaweza kuonekana sawa kwenye jumla ya wiki, lakini mwili haufanyi hesabu kwa jumla ya wiki. Mwalimu wa taaluma anayepanga ratiba kwa kuangalia masomo peke yake hutoa ratiba isiyogongana. Anayeangalia pia watu hutoa ratiba inayofundishika. Zamu ni mfano mzuri. Mwalimu wa zamu hufika kabla ya wote, husimamia usafi, uji na mahudhurio, hupokea wageni, huamua ugomvi wa watoto na kujaza kitabu cha zamu jioni. Wiki hiyo hana dakika ya kusahihisha. Shule inaweza kuwaweka walimu wawili kwa zamu moja, na ikawapunguzia vipindi au kuwaepusha na mitihani ya wiki hiyo. Gharama yake ni penseli, kifutio na jioni moja ya kupanga.

Halafu kuna mapengo. Sheria za kazi Tanzania zinampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hakuna dharura inayotoa taarifa mapema kuliko hii, maana kila mtu katika ofisi ya walimu anaiona ikija kwa miezi. Hata hivyo zipo shule ambazo siku ya kwanza ya likizo ndiyo siku ya kwanza ya kuulizana nani ataingia darasa la tano. Matokeo yake ni walimu waliobaki kubebeshwa vipindi kwa amri ya asubuhi, na mama mwenyewe kupigiwa simu akiwa na kichanga kuulizwa azimio la kazi lilifikia wapi. Shule iliyojipanga huwa imeshagawa vipindi hivyo, imekabidhiana shajara na maandalio, na pengine imeunganisha mikondo katika masomo yanayovumilia kuunganishwa. Utaratibu huohuo hutumika kwa anayeugua, anayeuguza na anayekwenda masomoni. Mwalimu anayejua kwamba akianguka leo darasa lake litashikwa hafundishi na malaria kwa kuogopa lawama.

Mpango wa fedha unaingia hapa kwa njia isiyoonekana sana. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi Tanzania imekuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki ngazi za juu kwa ajili ya vitabu. Kiasi kinachofika shuleni ni kidogo, na kwa sababu hiyohiyo kinahitaji kujadiliwa na wote. Walimu wanapokaa na kamati ya shule wakajua kilichopo, kilichotengwa kwa mitihani, kwa ukarabati, kwa chaki na karatasi za manila, hupungua minong'ono ya kwamba fedha zimeliwa. Minong'ono huchosha. Shule ambayo walimu hawamwamini mkuu wao hupoteza nguvu nyingi kwenye korido kabla kipindi hakijaanza.

Mwalimu mkuu, au mkuu wa shule kwa sekondari, ana kazi nyingine ambayo haiandikwi kwenye mpango wowote, nayo ni kuchuja. Takwimu zinadaiwa na kata, wilaya, mkoa na miradi, mara nyingi takwimu zilezile kwa fomu tofauti, na siku hizi hudaiwa kwa ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku zikitakiwa asubuhi. Mkuu anayesukuma kila ujumbe kwenye kundi la walimu huwa amehamisha msongo wake kwao. Mkuu mwingine huweka daftari la takwimu linalosasishwa kila mwezi, hujibu mwenyewe yanayojibika, na huwafikishia walimu yale tu yanayowahusu. Pengine hakuna kipimo kizuri zaidi cha uongozi wa shule kuliko idadi ya maagizo yaliyoishia mezani kwa mkuu.

Ushirikiano wa walimu ni upande wa pili wa ustahimilivu, baada ya mipango ya shule, na una historia ya kukwamishwa na jengo lenyewe. Mwanasosholojia Dan Lortie, katika utafiti wake juu ya walimu wa Marekani uliochapishwa mwaka 1975, alilinganisha shule na trei ya mayai: kila mwalimu katika shimo lake, karibu na mwenzake bila kugusana. Mwalimu huweza kufundisha miaka thelathini bila mwenzake kumwona akifundisha hata mara moja. Anayeshindwa kumtuliza mtoto msumbufu huamini ni yeye tu anayeshindwa, kumbe jirani yake wa mkondo B anahangaika na ndugu wa mtoto huyohuyo. Miaka michache baadaye, mwaka 1982, Judith Warren Little alieleza yanayozitofautisha shule zinazosonga mbele: walimu huzungumzia ufundishaji wenyewe kwa mifano mahususi, hutazamana wakifundisha, huandaa vifaa pamoja na hufundishana. Kupiga soga ofisini hakumo katika orodha yake, ingawa soga nalo lina kazi yake, kama itakavyoonekana.

Wajapani wamekuwa na utaratibu huo kwa zaidi ya karne. Kundi la walimu huchagua jambo linalowashinda wanafunzi, tuseme kutoa kwa kukopa, huandaa somo moja kwa pamoja, mmoja hulifundisha huku wengine wakiwaangalia watoto, kisha hukaa kulichambua na kulirekebisha. Siri yake katika suala la ustahimilivu ni kwamba somo ni la kundi. Likiharibika, kilichoharibika ni andalio la wote, na aliyesimama mbele haondoki na aibu.

Tanzania imeingiza wazo la aina hiyo katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayojulikana zaidi kwa kifupi cha MEWAKA. Kabla ya hapo mafunzo kazini kwa kawaida yalimaanisha semina: wachache huitwa mjini, hulipwa posho, hurudi na makabrasha, na waliobaki hubaki walivyo. MEWAKA imeiweka shule yenyewe kuwa mahali pa mafunzo, kupitia jumuiya za kujifunza ambamo walimu hukutana mara kwa mara, huchagua tatizo la ufundishaji, hulijadili, hujaribu suluhisho darasani na kurudi kusema lilivyokwenda. Shule za kata moja hukutana pia kwa yale yanayozizidi. Utaratibu huu ulipata mtihani wake Januari 2024, mitaala iliyoboreshwa ilipoanza kutumika kwa awamu, katika madarasa yakiwamo la kwanza na la tatu. Mwalimu aliyekuwa peke yake na muhtasari mpya mkononi alikuwa na kazi ya kubahatisha. Waliokuwa na jumuiya hai waligawana mada, mmoja akaandaa azimio la kazi la somo moja na mwingine la jingine, na walichokosea walikosea pamoja.

Hata hivyo jumuiya ya kujifunza inaweza kugeuka mzigo. Andy Hargreaves, mtafiti wa elimu aliyefanya kazi zake Uingereza na Kanada, alitahadharisha tangu miaka ya 1990 juu ya ushirikiano wa kulazimishwa, ule ambao umbo lake lipo na roho yake haipo. Dalili zake zinajulikana katika shule za Afrika Mashariki: kikao kinapangwa saa tisa alasiri Ijumaa wakati walimu wanawahi usafiri, mwenyekiti anasoma maelekezo ya wilaya neno kwa neno, karatasi ya mahudhurio inazunguka, picha inapigwa na kutumwa kwa afisa elimu kata. Kilichofanyika ni ushahidi wa kikao. Dawa yake ni muda uliotengwa ndani ya saa za kazi, hata kama ni kipindi kimoja kwa wiki, na mada inayochaguliwa na walimu wenyewe. Shule yenye zamu mbili za masomo, asubuhi na mchana, hupata shida zaidi kwa sababu walimu wake hawakutani. Huko jumuiya hupangwa kwa makundi ya madarasa na si ya shule nzima.

Kusahihisha mitihani ni eneo ambalo ushirikiano unalipa upesi. Katika mitihani ya taifa, kazi ya kusahihisha hugawanywa ili kila msahihishaji ashike swali au sehemu yake na karatasi zipite mkono kwa mkono. Shule inaweza kufanya vivyo hivyo kwa mtihani wa nusu muhula: walimu watano, meza moja, karatasi za madarasa yote. Kazi ambayo ingemkalisha mmoja wiki nzima humalizika kwa siku mbili, na wanapoendelea wanaona kosa gani limerudiwa na darasa zima. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli ya ufundishaji huanzia, mara nyingi bila mtu kuyapangia ajenda.

Na kuna chai. Katika shule nyingi za Tanzania walimu huchangishana kwa chai ya saa nne, na ofisi ya walimu kwa nusu saa hiyo ndiyo mahali pa kuuliza bila kuandikwa: mtoto fulani ana nini, mwenye nyumba anapandisha kodi, barua ya uhamisho imefikia wapi. Hukohuko huanzia mfuko wa kufa na kuzikana, ambao una taratibu zake za mchango pale mwalimu anapofiwa, anapougua au anapomwoza mwanawe. Watafiti huita haya msaada wa kijamii na kuyapima kwa madodoso. Walimu wenyewe hawayapimi, lakini mwalimu wa ajira mpya aliyepangiwa kituo mkoa asioujua, mshahara wake wa kwanza ukachelewa, anajua nani alimkopesha nauli na nani alimwonyesha chumba. Vyama vya akiba na mikopo vya walimu vimejengwa juu ya msingi huohuo. Rwanda imelifanya jambo hili kitaifa kwa Umwalimu SACCO, chama cha akiba na mikopo cha walimu.

Mipango ya ngazi za juu inaweza kuzidi nguvu za shule yoyote. Kenya ilifunga shule katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19, na wanafunzi wengi wakarudi Januari 2021. Ili kufidia muda, wizara ilifupisha mihula na kupunguza likizo, kiasi kwamba mwaka 2022 ulibeba mihula minne. Kalenda ilirudi kwenye mstari, na walimu pamoja na wanafunzi walikimbia miezi mingi karibu bila kupumua. Shule zilizopunguza makali zilifanya hivyo kwa mambo madogo yaliyokuwa ndani ya uwezo wao: kufuta mitihani ya ndani isiyo ya lazima, kuahirisha hafla, kugawana uandaaji wa masomo.

Hili linaonyesha mpaka wa mada yenyewe. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 kufikia mwaka 2030, milioni 15 kati yao katika Afrika kusini mwa Sahara. Pengo la namna hiyo halizibwi na ratiba nzuri. Nyumba za walimu, stahiki na madai ya uhamisho, kupandishwa daraja kwa wakati na idadi ya walimu ni kazi ya serikali, na mwajiri anayehubiri ustahimilivu huku akichelewesha madai hayo anawataka walimu wabebe deni lake. Mipango na ushirikiano wa shule hufanya kazi vizuri pale ambapo mzigo, ingawa mkubwa, unabebeka.

Udhaifu mwingine ni kwamba mengi ya haya hukaa kichwani mwa mtu mmoja. Mwalimu mkuu akihamishwa, mara nyingi kwa barua inayomtaka aripoti kituo kipya ndani ya siku chache, utaratibu wa zamu, makubaliano ya kusahihisha na ratiba ya jumuiya huweza kuondoka naye. Makabidhiano ya ofisi huorodhesha madawati, vitabu na mihuri, lakini ni nadra kuorodhesha jinsi shule inavyoendeshwa. Shule zinazovuka mabadiliko hayo salama huwa na mihtasari ya vikao inayosomeka, kalenda ya mwaka iliyobandikwa ofisini, mwalimu wa taaluma na wakuu wa idara waliozoea kuamua bila kusubiri, na daftari la mgawanyo wa vipindi la miaka iliyotangulia. Mkuu mpya anayezikuta kumbukumbu hizo mezani anaweza kubadilisha utaratibu apendavyo, lakini walimu wataingia darasani Jumatatu wakiwa na ratiba mkononi.